Kona ya Bâche ya Mbau

Kahindo mwanangu,

Umeenda kwa Tante Masika kusukwa nywele, na namujua Tante: akishika kichwa ya mutu haiachilie mbio, juu mikono yake inangojaka kinywa imalize habari kwanza. Donc niko na nafasi. Nimekaa pa mulango ya kikoni, karatasi juu ya sufuria yenye nimegeuza, mvua iko nanyesha kidogo kidogo hapa Kimemi, maharagi iko ku moto. Nimechoka, mwanangu. Haiko kuchoka ya leo. Ni ile yenye mutu analala nayo na anaamuka nayo, kama mugeni mwenye amesahau kwabo. Mais mikono ingali naandika, na kinywa yangu unaijua, ile haichokake.

Mambo ya chumvi, ya kufunga mulango, ya kukatala chakula ya batu benye haujue, ile sitaiandika. Niliisema jana, nimeisema leo asubui, hata jirani yetu Mama Soki kule nyuma ya lupango ameisikia, na ameitika kabisa, kama vile ni yeye anaenda. Kesho Papa Idi atakuja na gari yake mbele jua itoke, mutapita Beni, kisha utapanda moto, ile pikipiki, mupaka Mutwanga, na kule banakungojea na ile leçon d'essai, ufundishe baone kama batakupa kazi. Ile leçon njo yenye imenikalisha hapa na bic.

Juu ulisema neno moja juzi. Ulikuwa unaosha sahani, umenipa mugongo. Ulisema: «Mama, bakinikatala na kule, craie ya kufundisha sitaishika tena. Nitakuja tukae bote ku soko.» Uliisema polepole, kama mutu anauliza bei ya petrole. Na mi sikujibu kitu. Mi, kukosa kujibu. Mama Soki angeisikia angenipeleka hopitali.

Basi nimechukua karatasi nikujibu.

Ya ile leçon ya Beni naijua yote, juu we uliniambia mara moja na mi niliambia batu bengine mara mingi. Nilimwambia Mama Soki peke yake, mais kumwambia Mama Soki ni kuambia Kimemi yote, ulikasirika, ulikuwa na haki, bon, ilipita. Ulisimama mbele ya banafunzi ba ile shule, préfet, mukubwa ya shule, amekaa kule nyuma na mikono ku tumbo. Uliandika ku tableau x² + 4x + 4. Ukabaambia: muangalie mwanzo, ni carré ya x, x mara x. Muangalie mwisho, ni carré ya mbili. Sasa muangalie katikati, lazima ikuwe mara mbili ya x mara mbili. Ikikuwa vile, yote ni carré moja parfait, munaandika x na mbili mu parenthèse, munaweka carré juu yake. Batoto beko naandika. Halafu kule nyuma kasichana kamoja kakanyosha kidole: «Madame, ile mara mbili ya katikati inatoka wapi? Juu ya nini haiko mara moja?»

Ulisema: ni formule, kanuni iko vile. Kakauliza tena. Ukasema tena ni formule, mais sauti yako ilikuwa imebaki kadogo. Préfet akafunga bic yake. Hakusema mbaya yoyote. Alifunga bic, akaangalia inje.

Tangu ile siku unajifunza kama mutu anachimba kisima. Umeandika ku mulango ya kikoni, umeandika ku karton ya sabuni, umeandika mupaka ku tumbo ya ile bidon ya manjano. Mi mwenye niliachaka masomo mwaka ya tatu ya primaire juu ya kubeba badogo zangu ku mugongo, siku hizi nikipepea moto niko nasoma x carré. Na haichoke kuniangalia, ile x. Uliniambia ni urefu yenye hatujue bado. Nikasema basi ni kama bwana-arusi mwenye Tante Masika anakutafutiaka. Haukucheka.

Ulicheka siku ingine. Unakumbuka? Uliniandikia x² + 5x + 4 na ukaniuliza kama ni carré parfait. Mi nikaruka: mwanzo ni carré, mwisho ni carré, basi tayari, x na mbili, yote carré. Njo ukacheka, mara ya kwanza tangu Beni. Ukasema: Mama, haujaangalia katikati. Katikati kuko tano, na ilitaka ine. Nikakuambia ni moja tu imezidi, tuisamehe. Ukasema hesabu haina kusamehe.

Nikabaki nawaza ndoa ya Vumilia, mutoto ya Mama Soki. Hii hapana kuisoma na sauti. Bwana alikuwa na kazi mu bureau, viatu inaangaza. Vumilia alikuwa na duka yake ya bitenge. Mwanzo carré, mwisho carré, paroisse yote ikakula muchele na nyama, mi mwenyewe niliimba mupaka nikakosa sauti. Hakuna mutu aliuliza pale katikati ya babo babili kuko nini. Majira mbili ya mvua hazikupita sana, akarudia kwa mama yake, kitanda imefungwa ku moto. Na sisi bote benye tulikula ile muchele tukasema tulijuaka.

Hatukujuaka. Mi nakuambia kweli, niko mutu ya kuangalia mwanzo na mwisho. Njo ugonjwa yangu, na sitapona tena. Nasikia mwanzo ya habari pa bomba ya maji, nasikia mwisho pa kanisa, katikati naitia mwenyewe na chumvi yangu. Batu banapenda vile. Na ni vile nilinunuaka ile bâche kule Mbau, kwenye tulikuwa tunaishi.

Utasema ile unaijua. Unajua ginsi naielezeaka juu batu bacheke. Leo nakuelezea vile ilikuwa.

Tulikuwa na bâche ya bluu, turubai ya kuanika kakao, metre ine kwa metre ine. Mwaka ule miti ilizaa kama imepandwa na malaika. Mbegu zilikuwa zinatoka kila siku mu majani ya ndizi kwenye zinachachia, na zikitoka lazima zione jua, la sivyo zinaoza na munuzi wa kakao anapita kama hajakuona. Bâche haikutosha. Baba yako akaniambia: sisi tunataka ikuwe sita kwa sita. Ukienda soko, leta kipande yenye inakosa, Papa Mbusa ataishona.

Njia yote nilihesabu ku bidole. Kutoka ine mupaka sita kunakosa mbili. Bon. Nikanunua kipande ya mbili kwa mbili. Nikaiweka ku kichwa na nikarudia nikisalimia batu, hata benye sikuwe najua, mwanamuke mwenye anajuaka hesabu.

Nikafika, nikatandika ile kubwa mu kiwanja, nikaweka kale kadogo ku kona yake. Zikagusana ku ncha tu, kama mbuzi yenye bamefunga ku sikio. Upande huu udongo, upande ule udongo. Baba yako akaangalia. Akaenda akakaa ku kinu, akainamisha kichwa, nikafikiri amesikia uchungu. Alikuwa anacheka. Alicheka mupaka kofia ikaanguka. Bajirani bakakuja. Tante Masika, alikuwa angali mwembamba, akauliza kama kale kadogo nilinunulia kuku. Mi nikasimama na mikono ku kiuno nikasema ni mutu wa duka, ameniibia, amekata kidogo.

Pale njo narukaka. Nikielezea batu, nafika pa kuku ya Tante, bote banacheka, kisha nasema: basi Papa Mbusa akakuja na shindano yake ya kushona, ikaisha. Mwanzo kicheko, mwisho shindano. Katikati nairuka kila mara.

Katikati ulikuwa we.

Meno yako ya mbele ilikuwa ingali inaota. Ulitoka kwenye mulikuwa munacheza, viatu mu mikono, ukapita katikati ya miguu ya bakubwa benye beko nacheka. Haukucheka. Ukaingia pale mu udongo, kwenye hakuna bâche, ukalala chini, mikono imenyooka, kama mutu anapima kitanda. Ukasema: «Mama, hapa kunakosa.» Ukaamuka, ukazunguka kale kadogo, ukalala ku upande ingine. «Na hapa kunakosa. Ni sawasawa na kule.»

Mi kichwa ngumu. Nikasema sawa, nitaleta kipande moja ya kuweka pale, tutaona. Ukakaa mu udongo, ukaniangalia na huruma, kweli na huruma, kama vile mi njo mutoto. Ukasema:

«Ukileta moja itakuwa ndefu kama njia. Haitakuwa na pande sawa. Bâche imekomea, imekuwa kubwa huku na kubwa kule, Mama. Lazima uongeze huku na uongeze kule.»

Kahindo, ile njo mara mbili yako. Njo yenye kale kasichana ka Beni kalikuwa kanatafuta. Juu ya nini haiko mara moja? Juu carré, ile ya pande sawa, haikomeake ku upande moja tu. Ulisema ile ukiwa hauna formule, hauna tableau, robe yako yote ni udongo ku mugongo. Na mi nilisikia. Nilinyamaza mbele ya kijiji yote. Uulize Tante kama uko nafikiri naongeza chumvi, ataapa.

Hapana kufikiri kama mama yako sasa anajua algèbre. Kesho asubui ukiniuliza racine, muzizi ya hesabu, nitakuonyesha ya muhogo. Mi najua kitu moja tu: kuna siku mutu alikuuliza juu ya nini mara mbili, mutu wa kichwa ngumu kupita ile classe yote ya Beni na préfet wabo ndani, na ulimujibu mupaka akaelewa. Haukuogopa. Haukuangalia ni nani amekaa nyuma. Ulilala chini ukaonyesha.

Baba yako akaenda mwenyewe, hakunituma tena. Akaleta bipande mbili, kila moja mbili kwa ine. Papa Mbusa akashona yote na uzi nyeusi, akishona eko naimba wimbo ya kanisa mbaya mbaya. Juzi ulinihesabia: ile kubwa kumi na sita, bipande bile nane na nane, kale ka kona ine, inatoka makumi tatu na sita, njo sita mara sita. Na ukasema factoriser ni kurudia nyuma: banakutupia bipande chini, na we unaangalia kama binaweza kushonwa bikuwe carré moja, na upande wake ni ngapi. Nikasema basi Papa Mbusa alikuwa professeur. Ukasema hapana, Papa Mbusa alikuwa anashona tu. Sawa.

Ile bâche tulikimbia nayo wakati vita ilifika Mbau. Kakao tuliacha ku miti, sahani tuliacha, kuku ya Tante tuliacha, mais bâche baba yako aliitia ku bega. Kule Beni tulilala chini yake mu lupango ya batu, na mvua ikipiga, maji ilikuwa inapita pa mushono tu, ku mistari ya Papa Mbusa. Tulikuwa tunajua pa kutolala. Kisha baba yako akarudia Mbau kuangalia kakao. Ile sitaiandika. Tunaijua sisi bote, na mikono imechoka.

Naandika tu hii. Yeye alikuwaka anaelezea habari ya bâche vizuri kupita mi. Hakuanzaka na mi na duka. Alianzaka na we, umelala mu udongo, viatu mu mikono. Akifika pa «itakuwa ndefu kama njia», alikuwa anainua kidole na sauti inakuwa kadogo kama yako, na batu banainama basikie, kisha bananicheka mi mwisho. Alisemaka: huyu mutoto nitamusomesha hata kama nitauza viatu. Wakati hakukuwa tena mutu wa kuielezea vile, nikaielezea na vyenye mi najua, mwanzo na mwisho, batu bacheke, siku ipite. Siku mingi ilikuwa inataka tu kupita. Katikati kulikuwa na sauti yake na ya kwako ndani yake, na mi sikuwe na nguvu ya kuingia pale.

Kwa hiyo ulikomea, ukakuwa mukubwa, ukisikia habari ya mama mujinga na kipande ya kuku, na hakuna mutu alikuambia kama mu ile habari ni we ulikuwa mwalimu. Haukukumbuka, ulikuwa mudogo. Ile siku ya Beni ulitafuta jibu mu kichwa yako, na jibu ilikuwa imelala Mbau mu udongo, na mutu mwenye alikuwa anaijua ni mi, na mi nilikuwa ku soko naelezea mambo ya Vumilia.

Bon. Maharagi imekauka kidogo, nimeongeza maji, narudia.

Leo asubui ulipoenda kuteka maji nilishusha ile bâche ku kamba. Unaiona kila siku, haiko tena bluu, imekuwa kama maji yenye imemaliza kufulia. Nikatafuta uzi nyeusi ku kona. Papa Mbusa aliimba mbaya mais alishona mugumu, nilivunja kisu ya kwanza. Kale ka mbili kwa mbili nimekatoa. Nimekaosha, nimekakunja, kako mu sac yako chini ya robe ya misa. Uzi pia nimekunja, iko ndani. Hapana kukafungua mu gari, juu Papa Idi atauliza ni ya nini, na Papa Idi ni kama mi, Bukavu itajua.

Kule Mutwanga utaandika x² + 4x + 4 yako. Na kidole kitanyoshwa, juu kila classe iko na kasichana kale, na kasiponyosha, uliza we mwenyewe. Hapana kusema formule. Bapeleke inje. Bachore mu udongo carré kubwa, urefu yenye hamujue, ikuwe x. Weka kale kadogo kangu ku kona, ncha kwa ncha, vile niliweka mi. Acha bacheke. Baambie, kama unataka, kama kuna mama moja alifikiri ile inatosha. Kisha ngoja. Hapana kusema kitu. Kutakuwa moja mwenye hatacheke, ataingia pale mu nafasi, na atakuambia kunakosa, na kule pia kunakosa. Préfet akitaka kufunga bic, afunge.

Na bakikukatala, kuja. Sitakudanganya kama haiwezekane. Bwana mwenye viatu inaangaza alionekana muzuri na yeye. Nafasi ku meza yangu ya soko iko, nitasogea. Mais hautakuja kukaa pale kama mutu mwenye hajuake juu ya nini. Hautakuja vile. Utakuja ukiwa unajua, na tutatafuta shule ingine, na ingine, mi nikisukuma na kinywa, kazi yenye najua.

Hapa nitabaki na ile ingine. Kona moja inakosa. Kesho jua ikitoka nitaitandika mu kiwanja na mihogo yangu, na Mama Soki hatakunywa hata chai mbele aulize ni munyama gani amekula bâche yangu. Nitamukalisha. Nitaanza na we, umelala mu udongo, viatu mu mikono. Nitainua kidole. Sauti nitajaribu. Sitaruka tena.

Nasikia sauti mbili pa lupango, moja iko naongea bila kupumua, basi nywele zimeisha na habari ya Tante haijaisha. Nafunga hapa. Wasingya, aksanti, mwanangu, kwa ile siku, sikukuambiaka.

Mama yako,
mwenye alileta kona peke yake